Mkalimani wa Printa

Ukitamka neno draiva mbele ya wazee, watageuza macho barabarani kutafuta gari. Hawakosei. Neno ni lile lile lililotupa dereva, ila hili la pili limepitia mlango wa kompyuta, na wala halimtaji mtu. Ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na printa, ikipokea ulichoandika na kukigeuza kiwe lugha ambayo printa ile, si nyingine, inaielewa. Ningekuwa na madaraka ningeiita mkalimani. Dereva anaendesha tu, lakini mkalimani akikosea neno moja, posa inavunjika na watu wanarudi na mahari yao.

Sisi wenye miswada kabatini tunapenda kuzungumza juu ya wachapishaji na wahariri, nani kamtupia nani mswada kapuni. Huyu mkalimani hatumtaji kamwe. Na kumbe yeye ndiye wa kwanza kusimama kati ya mwandishi na karatasi, tena ana historia ndefu yenye ugomvi, ahadi na kunyimana.

Zamani za taipureta hakuhitajika. Kidole kinabonyeza, nyundo inapiga utepe, herufi inatokea. Kompyuta haina nyundo, wala haijui herufi A ina umbo gani. Inachojua ni namba. Katika jedwali liitwalo ASCII, lililowekwa Marekani mwaka 1963, A ni 65, B ni 66, na kuendelea. Printa ikipokea 65 inachapa A. Hadi hapo hakuna neno. Mambo yanaharibika unapotaka zaidi ya herufi: unataka kichwa cha habari kiwe kinene, au mstari upite chini ya jina. Kwa kazi hiyo kuna namba 27, yenye jina la Escape. Haichapwi. Inainong'oneza printa kwamba kinachofuata si herufi, ni amri.

Sasa nani aliamua amri zenyewe? Kila kampuni iliamua za kwake! Mwaka 1980 Epson, kampuni ya Kijapani, walitoa printa yao MX-80, mashine ya sindano tisa zinazogonga utepe na kupiga kelele kama mvua juu ya bati. Ilichapa herufi 80 kwa sekunde na ikaenea mno. Kwa Epson, 27 ikifuatwa na E maana yake ni "anza kuchapa herufi nene", na 27 ikifuatwa na F maana yake ni "acha unene". Mwaka 1984 Hewlett-Packard wa Marekani wakaleta LaserJet, printa ya leza ya kuwekwa mezani, kwa bei ya dola 3,495. Moyo wake ulitengenezwa na Canon, ikachapa kurasa nane kwa dakika, kimya kabisa. Nao walikuwa na lugha yao, PCL. Na katika PCL, 27 ikifuatwa na E maana yake ni: toa karatasi iliyomo, sahau yote niliyokuambia, anza upya.

Hebu tulia hapo kidogo, ndugu msomaji. Amri ile ile, namba zile zile mbili. Kwa mmoja ni kunenepesha neno, kwa mwingine ni kufukuza karatasi. Chukua barua yenye maneno manene kumi, iambie kompyuta kwamba printa yako ni Epson, kisha unganisha LaserJet. Kila ikifika neno nene, LaserJet inatema karatasi na kuanza nyingine. Barua ya ukurasa mmoja inakuwa karatasi kumi na moja, kila moja na vimistari vyake viwili vitatu. Printa haijaharibika, kompyuta ni nzima, na wewe uliyeandika hujakosea hata nukta. Mkalimani tu ndiye kasema lugha ya nyumba nyingine. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "draiva yoyote itafanya kazi mradi ni ya printa", nacheka.

Miaka ile kazi ya ukalimani ilifanywa na kila programu kivyake. WordStar, iliyotoka mwaka 1978 na kupendwa sana na waandishi wa Marekani, ilikutaka uitajie aina ya printa yako kwenye orodha kabla hujafanya lolote la maana. Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983, ile ya mahesabu, nayo ilikuja na wakalimani wake. Ukiwa na programu tatu unahitaji draiva tatu kwa ajili ya printa ile ile moja. Ni sawa na mgeni mmoja kuajiriwa wakalimani watatu, mmoja wa sebuleni, mmoja wa jikoni, mmoja wa shambani. Waliofika mbali zaidi ni WordPerfect. Toleo lao la 5.1, la mwaka 1989, lilijua printa kwa mamia, na katika disketi zilizokuwamo ndani ya boksi kadhaa zilikuwa za printa tu. Nadhani hili lilichangia sana kuifanya itawale maofisi. Mwandishi mahiri wa kompyuta angeweza kubuni programu nzuri kuliko ile, lakini angeupata wapi muda wa kujifunza lugha za printa mia nne na ngapi sijui?

Walikuwapo waliojaribu kuleta lugha moja kwa wote. John Warnock na Charles Geschke walikuwa wakifanya kazi Xerox, katika kituo chao cha utafiti cha Palo Alto, Kalifornia, ambako walishiriki kubuni lugha ya kuieleza printa ukurasa mzima, si herufi moja moja. Xerox hawakuwa na haraka ya kuitoa nje. Mwaka 1982 mabwana hao wawili wakaondoka, wakaanzisha Adobe, na huko wakatunga PostScript. Mwaka 1985 Apple wakatoa LaserWriter inayoisema lugha hiyo, kwa dola 6,995. Bei si mchezo, na sababu ilikuwapo: ubongo uliomo ndani ya printa hiyo ulikwenda kasi kuliko ule wa kompyuta ya Macintosh iliyoituma kazi! Mtumwa alimzidi bwana akili. Hata hivyo lugha moja kwa wote haikupatikana, kwa sababu wenye printa za bei nafuu hawakutaka kulipia PostScript. Ukiituma PostScript kwenye printa isiyoijua, haitachapa barua yako. Itachapa maagizo yenyewe, ukurasa juu ya ukurasa, wa kwanza ukianza na alama %!PS. Yaani umemtuma tarishi akamwambie mjomba "njoo", yeye anafika na kumsomea mjomba jinsi midomo inavyopangwa mtu anapotaka kutamka neno njoo.

Windows ya Microsoft, iliyotoka kwanza Novemba 1985 na kushika soko hasa kuanzia toleo la 3.0 la mwaka 1990, iliondoa ule utatu wa wakalimani. Draiva moja ikawekwa ndani ya mfumo, programu zote zikaitumia. Macintosh nayo ilikuwa imeshapita njia hiyo. Kwa mtumiaji ilikuwa nafuu kubwa. Ila angalia nini kimehama: zamani waandishi wa WordPerfect walijifunza lugha ya printa na kutengeneza draiva wenyewe, sasa kazi hiyo ikawaangukia zaidi wenye kiwanda cha printa. Katikati ya miaka ya 1990 baadhi ya viwanda wakasogea hatua nyingine. Waliona ubongo ndani ya printa ni gharama, wakautoa. Printa ikabaki na magurudumu, wino na sindikizo la waya, na hesabu zote za kuuchora ukurasa zikafanywa na kompyuta kwa kutumia draiva. Printa ikawa rahisi kwa bei. Lakini bila draiva ya kiwanda kile, kwa mfumo ule ule wa kompyuta, printa hiyo haiwezi kuchapa hata herufi A. Umenunua bubu, na mkalimani wake amebaki kwa muuzaji.

Hapa turudi nyuma kidogo, maana jambo la bubu na muuzaji lilishawahi kumkera mtu mmoja kabla ya Windows kuzaliwa, na hasira zake zimetufikia mpaka huku.

Katika chuo cha MIT, Marekani, palikuwa na maabara ya watafiti wa akili ya kompyuta. Printa yao ya zamani ilikuwa na tabia ya kukwama karatasi. Ilikaa mbali na meza za watu, hivyo mtu alituma kazi, akasubiri, akaenda kuichukua na kukuta imekwama zamani. Richard Stallman, kijana aliyekuwa bado hajafika miaka 30, alikuwa na msimbo wa programu ya printa ile, yaani yale maandishi yenyewe ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Hakuweza kuizuia karatasi isikwame. Alichoweza ni kuiongezea programu maneno machache ili, karatasi ikikwama, kila mwenye kazi inayosubiri apate ujumbe kwenye skrini yake. Wawili watatu waliosoma ujumbe wakainuka kwenda kuikwamua. Basi. Dawa ya kijijini kabisa, lakini ilifanya kazi.

Kuelekea mwaka 1980 hivi Xerox wakaipa maabara zawadi, printa mpya ya leza, yenye kasi ya karibu ukurasa mmoja kwa sekunde. Zawadi nzuri, isipokuwa nayo ilikwama karatasi, na safari hii programu ya kuiendesha ililetwa ikiwa imefungwa. Hakuna msimbo wa kusoma. Namba tupu. Stallman akataka kuiwekea dawa yake ile ile na hakuwa na mahali pa kushika. Baadaye akasikia kwamba kuna mtu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliye na nakala ya msimbo. Alipopata safari ya huko alikwenda ofisini kwake, akamwomba kwa adabu. Jamaa akakataa. Alikuwa ameahidi kampuni kutompa mtu yeyote. Stallman mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba hakujua la kujibu, akageuka na kutoka.

Wapo wanaomfanya Stallman mtakatifu kwa habari hii, na wapo wanaodai imetiwa chumvi. Mimi simo katika kundi lolote. Kinachonivuta ni yule mwalimu wa Carnegie Mellon. Hakuwa mtu mbaya. Hakuiba, hakusema uongo, alitimiza ahadi, jambo tunalofundishwa tangu utotoni. Na kwa kutimiza ahadi yake aliwaacha watu wote wa maabara nyingine waendelee kupanda na kushuka kutazama karatasi iliyokwama, wakati dawa ilikuwa ya mistari michache. Riwaya nzuri ingeandikwa juu ya mtu huyo kuliko juu ya Stallman.

Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ambao msimbo wake uko wazi. Januari 1984 akaacha kazi MIT ili chuo kisije kudai mali. Mwaka 1985 ikaanzishwa taasisi ya Free Software Foundation, na mwaka 1989 likatoka toleo la kwanza la leseni ya GPL, yenye sharti moja la kijanja: chukua, soma, badilisha, gawa, lakini ukigawa usimfungie mwenzako. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, akaanza Linux, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyo. Na printa je? Mwaka 1988 ilikuwa imeshatoka Ghostscript, programu inayoisoma PostScript ndani ya kompyuta na kuitafsiri kwa printa duni zisizoijua. Mwaka 1999 ikatoka CUPS, mfumo wa kuchapa ulioanzishwa na Michael Sweet, ukiwa na msimbo wazi. Apple wakauchukua kwa ajili ya kompyuta zao mwaka 2002.

Nimesema hasira zile zimetufikia huku, nisije nikaonekana mzushi. Tanzania ni nchi iliyopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, labda upate kibali maalumu. Miaka 30 baadaye, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wake wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maneno ya Kiswahili. Nani aliwapa ruhusa? Hakukuwa na haja ya kumpigia mtu magoti. Kampuni ya Sun Microsystems ilikuwa imeufungua msimbo wa OpenOffice mwaka 2000, chini ya leseni ya ukoo ule ule uliotoka kwa Stallman. Wataalamu wetu waliuchukua, wakakaa kubishana juu ya maneno, wakaandika. Fikiria kama kila lugha ya Kiafrika ingelazimika kwenda kugonga mlango wa ofisi moja ya Carnegie Mellon.

Mtu atauliza, sasa ndugu, hii historia inanisaidia nini mimi ninayetaka kuchapa tu? Nitamjibu kwa niliyoyaona kwenye steshenari ya mtaani kwetu, ambako huwa napeleka sura za riwaya yangu. Mwenye duka alinunua kompyuta mpya, mfumo mpya, kila kitu kinang'aa. Printa ilibaki ya zamani, leza nzito yenye afya kuliko sisi. Kampuni iliyoitengeneza, ambayo siitaji, haikuwa imetoa draiva kwa mfumo ule. Kijana wa dukani akachagua draiva ya printa yenye jina linalofanana. Sura yangu ya nne ikatoka ikiwa imekatwa herufi mbili za mwisho za kila mstari. Mhusika mkuu, anayeitwa Salome, akawa kila akifika ukingoni anaitwa Salo. Na steshenari, kama mjuavyo, hesabu ni kwa karatasi, iwe imetoka nzima au imetoka kilema.

Alikuja fundi wa makamo kununua bahasha. Akatazama, akamwambia kijana: "Mwanangu, usiulize printa inafanana na nani. Muulize inasema lugha gani." Akabonyeza vitufe kwenye mashine yenyewe, bila kompyuta, ikatoa karatasi ya kujieleza. Humo mliandikwa aina yake kamili na lugha anazozijua, PCL ikiwamo. Fundi akaifuta draiva ya uongo, kisha akaweka ile ya jumla ya PCL, isiyotaja jina la printa hata moja. Salome akarudi kuwa Salome. Vitu vya pembeni, kama kuchapa pande mbili, vilipotea, lakini maneno yalitoka yote. Kama ingekuwa ile printa bubu isiyo na ubongo, fundi angenunua bahasha zake na kwenda zake.

Yaliyompata mwenye duka yamewapata wengi. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, toleo lake la biti 64 lilitaka draiva zake maalumu. Printa nyingi nzima kabisa zikabaki yatima, kwa sababu hakuna kiwanda kinachopenda kumwandikia mkalimani mpya mashine iliyokwisha kuuzwa zamani.

Na draiva zenyewe si malaika. Zinakaa ndani sana ya mfumo, mahali pa kuaminiwa. Kirusi kilichoitwa Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010 na kujulikana kwa kushambulia mitambo ya nyuklia ya Iran, kilitumia miongoni mwa njia zake tundu lililokuwa katika sehemu ya Windows inayosimamia uchapaji. Mwaka 2021 likapatikana tundu jingine sehemu hiyo hiyo, likaitwa PrintNightmare: mtu angeweza kujifanya anaweka draiva ya printa na kumbe anaingiza programu yake ya uharamia kwa mamlaka ya mwenye nyumba.

Hapo ndipo wakubwa walipoanza kusema basi, tuachane na wakalimani. Apple walishatangulia mwaka 2010 kwa AirPrint, ambapo simu inazungumza na printa bila kuwekewa draiva ya kiwanda. Septemba 2023 Microsoft nao wakatangaza kwamba wataacha hatua kwa hatua kupokea draiva mpya za viwanda kupitia huduma yao ya kusasisha Windows, mpaka kufikia 2027 ambapo yatakayopokelewa ni marekebisho ya usalama. Printa mpya zitatakiwa kusema lugha ya pamoja, iitwayo IPP. Lile lililowashinda watu wa PostScript kwa sababu ya bei, huenda likawezekana kwa sababu ya hofu ya wezi.

Kwa printa kongwe mpango huo unasema machache. Wenye Linux wanaendelea kuzitunza za kwao, maana msimbo wanao. Za viwanda vilivyofunga midomo, zitategemea huruma. Zile za Epson za sindano hazina presha hata kidogo. Zinatengenezwa mpaka leo, utazikuta maghalani na kwenye madirisha ya malipo zikikwaruza nakala za kaboni kwa kelele zao za mvua, na ukizipelekea 27 ikifuatwa na E, zinachapa herufi nene, kama walivyoagana na MX-80 mwaka 1980.